Kichwa na Tumbo Kwanza: Kumshonea na Kumfumia Mtoto Mdogo Nyumbani

Gauni la kwanza nililomshonea binti yangu halikupita kichwani. Alikuwa na mwaka na miezi mitatu, Idi ilikuwa kesho yake, nami nilikuwa nimeikalia cherehani ya mkono ya mama tangu Alasiri. Mikono ilikaa, chini palinyooka, hata marinda niliyapiga pasi moja moja. Nilipomvisha, shingo ya gauni ikakwama kwenye paji la uso. Mtoto akaanza kulia humo ndani, mikono juu. Mama akaacha kuchambua mchele, akatazama, akasema, "Mwanangu, umeshona shingo. Kichwa umekisahau."

Usiku ule tuliipasua shingo kwa nyuma, sentimita nane, tukatia kifungo na kitanzi cha uzi, mambo yakaisha. Lakini tangu siku hiyo sikati kitambaa cha mtoto kabla ya kumzungushia futi kichwani. Kosa langu lilikuwa la watu wengi: nilichukua umbo la mtu mzima nikalipunguza. Mtoto mdogo si mtu mzima aliyepunguzwa. Mtoto wa mwaka mmoja ana kichwa ambacho mzunguko wake unakaribia kulingana na wa kifua chake, ana tumbo lililotangulia mbele, na kiuno hana. Ukiyashika hayo matatu, mengine ni mshono tu.

Hapa nitaeleza vitu vitatu ninavyovishona na kuvifuma mara kwa mara: kaptula ya lastiki, kigauni cha kamba za mabegani, na kofia ya sufi. Anza na kaptula. Haina shingo.

Kupima

Mpime akiwa na nepi kama bado anavaa, na mpime akiwa ameshiba. Tumbo la kabla ya uji na la baada ya uji ni matumbo mawili tofauti. Andika vipimo vinne: mzunguko wa kichwa, futi ikipita juu ya nyusi na pale kisogo kinapotokeza zaidi; mzunguko wa tumbo kwenye kitovu; mzunguko wa makalio na nepi yake; na urefu kutoka kitovuni mpaka gotini. Hatatulia. Mpe ndizi, mzungushie uzi badala ya futi, ukate uzi pale unapokutana, kisha uupime mezani yeye akiwa ameshaondoka zake.

Kama mtoto yuko mbali na unataka kumtumia zawadi, kichwa kinakisika. Aliyezaliwa karibuni huwa na sentimita 34 au 35, wa miezi sita 42 au 43, wa mwaka mmoja 45 au 46, wa miaka miwili 47 au 48. Tumbo halikisiki. Mpigie mama yake simu.

Kitambaa

Kwa mtoto hakuna kitambaa ninachokipenda kama khanga iliyokwisha kuvaliwa. Imefuliwa mara mia, imelainika, haitaruka tena wala kutoa rangi. Khanga moja ina upana wa mita moja na nusu hivi na urefu wa mita moja na kidogo, kwa hiyo kipande kimoja cha doti kinatoa kaptula mbili za mtoto wa mwaka mmoja na kigauni, na vipande vya kuchezea vinabaki. Kama khanga ni mpya, ifue kwanza, peke yake, mpaka maji yatoke meupe. Ile wanga ya dukani ikishatoka ndipo utajua kitambaa chenyewe kikoje. Ukikata kabla ya kufua, kaptula ya leo itakuwa ya mdogo wake wiki ijayo.

Siku hizi zipo khanga za nailoni zinazong'aa na kuteleza. Mtoto wa Tanga au Mombasa akivishwa hiyo mwezi wa pili atatoka vipele. Kama una shaka, chomoa nyuzi mbili tatu pembeni, zishike kwa kibano, uziwashe kwa kiberiti juu ya sinki. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini linalopeperuka. Nailoni na jamaa zake hujikunja, huyeyuka, na kuacha kijidonge kigumu. Chenye kijidonge kipeleke kwenye foronya za mito ya sebuleni.

Jambo jingine ambalo wageni wa khanga hawalijui: soma jina kabla ya kukata. Nimewahi kumwona mtoto wa miaka miwili kwenye harusi, kijigauni kizuri kabisa, na mgongoni maneno ya kumsuta mke mwenza. Wanawake walicheka mpaka bwana harusi akageuka. Kama jina ni "Wema hauozi", liache lionekane, litapendeza. Kama ni la mafumbo, kata kutoka pindo za ubavuni, ambako hakuna maneno, au panga vipande jina liangukie kwenye mabaki.

Kaptula ya lastiki

Vifaa: nusu ya khanga, lastiki ya upana wa sentimita 2, uzi, pini ya nepi, mkasi, gazeti la zamani na chaki. Cherehani iwe na sindano namba 12 au 14. Kama huna cherehani, shona kwa mkono kwa mshono wa kurudi nyuma: sindano ikitokea, irudishe nusu ya hatua, ichome, itokee mbele tena. Mishono ifuatane bila nafasi. Kaptula ya mtoto kwa mkono ni kazi ya jioni mbili, na nimeziona zinazodumu kuliko za cherehani.

Huhitaji kuchora kama fundi. Tafuta kaptula anayoivaa sasa na inayomkaa vizuri. Kwenye gazeti piga mstari mmoja mnyoofu wa kwenda chini. Kunja ile kaptula katikati, mguu juu ya mguu, mbele yake ikiwa inaonekana, uilaze ubavu wake ukifuata mstari. Vuta lastiki ya kiuno mpaka mikunjo iishe, kisha ufuatishe kwa kalamu: kiuno, duara la katikati ya mapaja, ndani ya mguu, chini. Sasa ikunje upya, safari hii nyuma yake ndiyo ionekane, uilaze upande wa pili wa mstari uleule, ufuatishe tena. Umepata kipande kimoja kipana ambacho ni mguu mzima, bila mshono wa ubavuni.

Kitazame vizuri. Upande wa nyuma unatakiwa uwe na duara refu zaidi, na kiuno kimepanda kuliko cha mbele kwa sentimita 2 hivi. Kama pande zote mbili zimelingana, pandisha nyuma mwenyewe. Mtoto anachuchumaa siku nzima. Kaptula isiyo na nyuma huteremka kila akiokota kitu.

Ongeza nafasi za mshono: sentimita 1.5 pande zote, 3.5 juu kwa ajili ya njia ya lastiki, na 5 chini. Hizo 5 za chini usizipunguze, nitakwambia baadaye zinafanya nini.

Kunja khanga uso kwa uso, pindo juu ya pindo. Laza gazeti ili chini ya mguu kuangukie kwenye pindo, na ukishakunja ule mkunjo wa chini, mstari wa pindo uonekane umezunguka paja. Bana kwa pini, kata tabaka zote mbili kwa pamoja. Ukikata kipande kimoja kimoja bila kukunja kitambaa, kuna siku utapata miguu miwili ya kushoto. Mimi nimeshazipata.

Kwanza, chukua kila kipande, kikunje uso kwa uso, shona ndani ya mguu. Sasa una miguu miwili kama mikono ya shati.

Pili, geuza mguu mmoja uso utoke nje, mwingine uuache ndani-nje. Ingiza ule uliogeuzwa ndani ya mwenzake, uso ukutane na uso, mbele na mbele, nyuma na nyuma. Mishono ya ndani ya miguu igusane pale chini kabisa. Pachome pini hapo kabla ya kwingine. Shona lile duara lote kwa mkupuo mmoja, kutoka kiuno cha mbele mpaka kiuno cha nyuma, halafu rudia mshono wa pili juu ya wa kwanza. Hapa ndipo kaptula za watoto huchanika. Kama cherehani yako haina zigizaga na hakuna fundi wa ovaloki karibu, punguza kingo ziwe za sentimita 1, ushone zigandamane, ili nyuzi zisifumuke zikamkwaruza mapajani.

Tatu, chomoa mguu, na kaptula itajitokeza. Kiunoni kunja sentimita 1, kisha 2.5, piga pasi, ushone karibu na ukingo wa chini wa mkunjo. Acha mlango wa sentimita 4 nyuma, karibu na mshono wa katikati.

Nne, lastiki. Kata kipimo cha tumbo kasoro sentimita 3, na uongeze 2 za kupandanisha ncha. Tumbo likiwa 48, unakata 47, na ikishashonwa inabaki 45. Funga pini ya nepi kwenye ncha moja, uipitishe polepole ukiisukuma kwa vidole, na ile ncha nyingine uibane kwenye kitambaa isije ikaingia yote. Hakikisha haikujipinda ndani. Kabla ya kushona ncha, mvishe mtoto, ingiza vidole viwili kati ya lastiki na tumbo. Viingie bila taabu. Ukivua ukaona mstari mwekundu, legeza. Ukiridhika, pandanisha ncha, zishone mraba, kisha uzibe mlango.

Tano, chini ya miguu kunja 1 kisha 4, ushone. Nyuma, kwa ndani, tia kijitambaa cha rangi au msalaba wa uzi mwekundu. Mtoto akianza kujivalisha mwenyewe atajua nyuma ni wapi, na wewe asubuhi ya haraka utashukuru.

Kigauni cha kamba

Hiki ni rahisi mno, sitakaa sana. Vipande viwili vya mstatili, mbele na nyuma, kila kimoja upana sentimita 40 na urefu 50 kwa mtoto wa mwaka mpaka miwili. Pembe za juu kata makwapa: ingia ndani sentimita 5, teremka 11, upinde kama mundu. Unganisha mbavu, kunja makwapa kwa mkunjo mwembamba mara mbili. Juu, mbele na nyuma, tengeneza njia za lastiki kama za kiunoni, kila moja utie lastiki ya sentimita 18 na uishone kwenye ncha zote mbili. Mabegani shona kamba mbili za kitambaa hichohicho, lakini usizikate kwa kukisia. Mbane kwa pini gauni likiwa mwilini, kwa uangalifu, uone kamba inataka urefu gani, ndipo ushone.

Halafu jaribu kichwa. Lastiki ikivutika, uwazi wa juu lazima uzidi kile kipimo cha kwanza ulichoandika. Kamba za kufunga vifundo shingoni zinapendeza kwenye picha, mimi siziweki. Mtoto hupita karibu na kitasa cha mlango, kamba ikanasa. Kamba iwe imeshonwa ncha zote mbili na iwe fupi.

Kofia ya sufi

Wengi wetu tunajua kufuma vitambaa vya makochi kwa sindano ya ndoano. Kofia hii ni ya sindano mbili, za milimita 4, na bonge moja la uzi wa unene wa kati, gramu 50, linatosha na kubaki. Waliojifunza kwa spoku za baiskeli, kama mimi, wajue spoku ni nyembamba nusu yake. Kofia itatoka ngumu kama kikapu. Uzi wa akriliki wa sokoni unafaa kwa sababu unafulika na hauwashi, ila ukae mbali na jiko, kwani ukishika moto huyeyuka.

Mishono ni miwili. Wa mbele: uzi uko nyuma ya kazi, sindano ya kulia inaingia kwenye kitanzi kutoka mbele kwenda nyuma, inachota uzi, inatoka nao. Wa nyuma: uzi uko mbele, sindano inaingia kutoka nyuma kuja mbele, inachota, inarudi. Mstari mmoja wote wa mbele na unaofuata wote wa nyuma, utapata uso laini wenye vishale kama wa sweta ya shule.

Fuma kwanza kipande cha majaribio cha vitanzi 26. Kilaze bila kukivuta, uhesabu vitanzi ndani ya sentimita 10. Vikiwa 22, endelea. Vikiwa 24 au zaidi mkono wako unakaza, chukua sindano nene kidogo. Vikiwa 20 unalegea, chukua nyembamba. Wavivu huruka hatua hii, na kofia zao huishia kwa wanasesere.

Kwa kichwa cha sentimita 45 au 46, kofia iwe na 40 hivi, maana inavutika. Anza vitanzi 90.

Ukingo: mstari wa kwanza fuma viwili mbele, viwili nyuma, hivyohivyo, umalizie viwili mbele. Mstari wa pili anza viwili nyuma, viwili mbele, umalizie viwili nyuma. Rudia mpaka sentimita 4. Ndio ukingo unaoshika kichwa.

Mwili: mstari wa mbele, mstari wa nyuma, mpaka kazi yote ifike sentimita 11, ukomee kwenye mstari wa nyuma.

Utosi: fuma kitanzi 1 mbele, kisha rudia mara nane "9 mbele, viwili kwa pamoja", umalizie 1 mbele. Vinabaki 82. Mstari unaorudi, wote nyuma. Halafu badala ya 9 fuma 8, vibaki 74. Kisha 7, vibaki 66. Endelea hivyo, kila safari ukipunguza moja na kila safari ukirudi kwa mstari wa nyuma. Ukimaliza ule wa "1 mbele, viwili kwa pamoja" utakuwa na 18. Wa mwisho ni 1, viwili kwa pamoja mara nane, 1. Vinabaki 10. Kama hesabu yako haikulingana njiani, tafuta kitanzi ulichokiangusha hapohapo, usiseme nitakirekebisha juu.

Kata uzi ukiacha sentimita 40, upitishe kwa sindano butu kwenye vile 10, uvute mpaka tundu lizibe, ufunge, kisha uutumie uzi huohuo kuunga kofia kisogoni. Ncha zote zifiche ndani ya mishono.

Nimesema kofia ya sufi, na najua Njombe, Makete na Lushoto wanaihitaji mwezi wa saba kuliko Dar es Salaam. Lakini hapa pwani nako utamkuta mtoto mchanga Januari na kofia, soksi na shali, jasho linamtiririka. Akiguswa kisogo na shingo kikawa cha moto na kina maji, mvue. Na akilala ndani, mvue pia, kwa sababu mtoto hupunguza joto kwa kichwa, na kofia inaweza kumteremkia usoni. Mtoto njiti anayebebwa kifuani kwa njia ya kangaruu ni habari nyingine. Huyo fuata maelekezo ya wahudumu wa afya.

Kabla hujamvisha

Geuza nguo ndani-nje, upitishe kidole kwenye kila mshono. Unatafuta pini iliyosahauliwa, na unatafuta uzi mrefu unaoning'inia. Uzi huo ndani ya soksi au kiatu cha kufuma unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu cha mtoto mchanga ukakaza mpaka kikavimba, na mtoto analia bila mtu kujua sababu. Kata zote karibu kabisa na fundo.

Kifungo, shanga, au ua la kupachika: kama ni dogo kuliko sentimita 3 hivi, asiyefikisha miaka mitatu asiwe nalo. Badala yake dariza jicho au ua kwa uzi. Hata kijipira cha nyuzi juu ya kofia mimi nakiacha mpaka mtoto aache kutia kila kitu mdomoni.

Zile sentimita 5

Baada ya miezi minne au mitano kaptula itakuwa imepanda juu ya magoti ingawa tumbo bado linaenea. Fumua mkunjo wa chini, uteremshe, ukunje upya kwa sentimita 1 tu mara mbili. Umepata karibu sentimita 3 za urefu. Pale mkunjo wa zamani ulipokuwa patabaki mstari wa rangi iliyokolea, kwa kuwa jua na sabuni havikufika. Chukua ukanda wa pindo kutoka kwenye mabaki ya khanga ileile, upana wa sentimita 3, kingo zikunjwe ndani, uushone juu ya mstari huo kuzunguka mguu. Watu watadhani ndivyo ilivyoshonwa tangu mwanzo. Lastiki nayo, ule mlango wa nyuma unajua ulipo: fumua mishono michache, ivute, uunganishe kipande cha sentimita 3, uifunge tena.